Foto za pelikile zinarudi: kwa Kalemie, kazi inaanzia kwenye bahasha ya chini ya kitanda

Wakati wa matanga, kati ya vitu vya kwanza familia inatafuta kuko foto ya marehemu. Watoto wanafungua telefone, wanapanda na kushuka ndani ya WhatsApp, mwishowe wanapata foto moja iliyopigwa haraka kwenye ndoa ya mtu mwingine. Uso uko nusu, nyuma kuko watu wanakula. Wanaikata, wanaipanua, wanaipeleka kwa mwenye kutoa foto. Ikitoka kwenye karatasi kubwa, macho ya mzee yamekuwa madoa mawili.

Lakini kuna nyumba ambamo mama mmoja mzee anaingia chumbani, anavuta sanduku chini ya kitanda na kutoa bahasha ya studio ya miaka ya 80. Ndani kuko foto kidogo, na pembeni yake vipande vya plastiki vya rangi ya kahawia. Wajukuu wanauliza: hii ni takataka gani? Hiyo si takataka. Ni negatifu, ile wengine wanaita klishe. Kutoka kwenye kipande hicho kidogo kuliko sanduku la kiberiti, mtu anaweza kutoa leo foto ya ukutani, safi, yenye macho na mikunjo ya uso.

Siku hizi Ulaya, Marekani na Japani, vijana waliozaliwa na telefone mkononi wanarudilia aparei za pelikile, wanalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho wazazi wao walitupa. Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, swali ni tofauti kidogo: jambo hilo linawezekana hapa? Na kabla ya kununua pelikile mpya, zile za zamani ziko katika hali gani?

Pelikile ni kitu gani

Pelikile ni utepe wa plastiki uliopakwa gelatini, aina ya gundi inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Ndani ya gelatini hiyo kuko chembe ndogo sana zilizotengenezwa na madini ya fedha. Chembe hizo zinaogopa mwangaza. Mpiga foto anapobonyeza, mlango mdogo wa aparei unafunguka muda mfupi sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, mwangaza unaingia na kugusa chembe. Kwa macho hakuna kitu kinachoonekana bado. Foto iko, lakini imelala.

Kuiamsha ndiyo kazi watu waliita kusafisha pelikile. Gizani, pelikile inawekwa ndani ya dawa ya kwanza inayogeuza chembe zilizoguswa na mwangaza kuwa nyeusi. Dawa nyingine inaondoa chembe zile ambazo hazikuguswa, ili mwangaza usiweze tena kuharibu. Kisha ni maji safi na kukausha. Kinachobaki ni negatifu: fasi nyeupe imekuwa nyeusi, na fasi nyeusi imekuwa wazi. Shati jeupe la siku ya komunyo linaonekana jeusi. Mwangaza ukipitishwa tena kwenye negatifu mpaka kwenye karatasi yenye dawa, kila kitu kinarudi sawasawa.

Pelikile ya kawaida ina upana wa milimeta 35, na kila foto ina ukubwa wa milimeta 24 kwa 36. Mara nyingi kuko foto 24 ao 36 ndani ya pelikile moja. Ndiyo maana mpiga foto wa zamani hakubonyeza ovyo. Alisogeza watu, alinyoosha kola ya baba, alingoja mtoto anyamaze, ndipo akapiga. Ilikuwa moja, pengine mbili.

Vile ilipotea

Watu wa makamo wanakumbuka wapiga foto wa kutembea, aparei shingoni, siku za ndoa, za ubatizo na za tarehe 30 ya mwezi wa sita. Mtu alilipa nusu, akangoja. Ilikuwa lazima pelikile iishe kwanza, kisha isafishwe, na za rangi zilikuwa na safari ndefu kuliko zile nyeusi na nyeupe. Foto ilirudi baada ya juma moja, mbili, ao zaidi. Kuko watoto walioonekana kwenye foto wakiwa wadogo kuliko walivyokuwa siku foto ilipofika nyumbani.

Kilichoua kazi hiyo kilitoka ndani ya nyumba yake yenyewe. Mwaka wa 1975, ndani ya kampuni Kodak ya Marekani, injenia Steven Sasson alitengeneza aparei ya kwanza ya numeriki iliyofahamika. Ilikuwa nzito, na foto yake ilikuwa hafifu. Kodak iliendelea kutegemea pelikile. Aparei za numeriki zilipokuwa nzuri, na baadaye telefone zikaja na kamera ndani, watu waliacha kununua pelikile. Mwezi wa kwanza wa 2012, Kodak iliomba ulinzi wa sheria sababu haikuweza tena kulipa madeni yake.

Kwa upande wetu kulikuwa na mambo mengine juu ya hayo. Vita vya 1996 na vya 1998 vilikuta familia nyingi za hapa, wengine wakavuka ziwa kwenda Tanzania na vitu wanavyoweza kubeba kichwani. Mtu anayekimbia anachukua mtoto, sufuria na chakula. Albamu ya foto inabaki. Na biashara ya mji ilipolegea, kiwanda cha nguo cha Filtisaf kikanyamaza, treni zikawa chache, mpiga foto naye akakosa wateja na dawa. Wengi walibadilisha kazi.

Kwa nini wengine wanairudilia

Sababu ya kwanza ni uchovu. Mtu ana foto 8.000 ndani ya telefone, na haangalii hata moja. Pelikile inampa 36 tu, kwa hiyo anafikiri mbele ya kubonyeza. Sababu ya pili ni kule kungoja. Sababu ya tatu ni kwamba mwishoni kuko kitu cha kushika mkononi, kisichohitaji neno la siri wala chaji.

Makampuni yameona hayo. Mwezi wa kumi na mbili wa 2023, kampuni Harman ya Uingereza, inayotengeneza pelikile za Ilford, ilitoa pelikile ya rangi mpya inayoitwa Phoenix. Mwezi wa sita wa 2024, Pentax ikatoa aparei mpya kabisa ya pelikile, Pentax 17, kwa bei ya karibu dola 500. Aparei hiyo inagawa kila fasi ya foto mara mbili, ili pelikile ya 36 itoe foto 72. Sababu ni wazi: pelikile imekuwa ghali. Ya rangi moja, huko inakouzwa, mara nyingi inapita dola 10, mbele ya kulipa kuisafisha.

Kongo na negatifu zake

Mtu asifikiri haya ni mambo ya wazungu tu. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1928 na kufanya kazi Kinshasa, alipiga maisha ya usiku ya mji ule, wanamuziki na vijana wenye kujipamba, Franco akiwa mmoja wa wale aliowapiga. Ambroise Ngaimoko alifungua Studio 3Z Kinshasa mwaka wa 1971, mwaka ambao inchi na mto navyo vilianza kuitwa Zaire, kama pesa. Ndiyo Z tatu. Mwaka wa 2015, foto zao zilionyeshwa Paris ndani ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Wateja wa Ngaimoko walikuwa watu wa kawaida wa mtaa waliolipa ili wapigwe foto. Wanaonekana leo juu ya jambo moja: negatifu zilihifadhiwa.

Karibu zaidi na sisi, Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka wa 1978, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga na kuziunganisha na foto alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyobomoka. Kazi hiyo, inayoitwa Mémoire, ilimjulisha duniani. Bila zile foto za zamani, hangekuwa na mahali pa kuanzia.

Kalemie nayo ilikuwa na reli, bandari na kiwanda cha nguo. Watu waliofanya kazi humo walipigwa foto: za kazi, za sikukuu, za timu ya mpira. Nyingi kati ya foto hizo, kama bado ziko, haziko ndani ya musée. Ziko ndani ya masanduku ya familia na ya wapiga foto wazee.

Kwa anayetaka kupiga pelikile hapa

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini hesabu inaanza mwishoni. Mbele ya kununua pelikile, mtu ajue nani ataisafisha. Pelikile ya rangi inahitaji dawa maalum yenye joto la digri 38, na kosa la digri moja linaonekana kwenye rangi. Kuituma mbali ni gharama, na mashine mpya za kuchunguza mizigo kwenye viwanja vikubwa vya ndege zinaweza kuiharibu. Inafaa kuibeba mkononi na kuomba ichunguzwe kwa macho.

Pelikile nyeusi na nyeupe ndiyo njia rahisi ya kuanza, sababu mtu anaweza kuisafisha nyumbani. Anahitaji kopo jeusi maalum lisiloingiza mwangaza, giza kamili wakati wa kuingiza pelikile ndani ya kopo (hata taa nyekundu hapana), na dawa. Mwaka wa 1995, mwalimu na wanafunzi wa chuo kimoja cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba dawa ya kwanza inaweza kutoka jikoni: kahawa ya unga ya kuyeyuka na soda ya kufulia. Baadaye watu waliongeza vitamini C. Kipimo kinachotumiwa sana kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za soda ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa, kwa dakika 15, maji yakiwa na digri 20. Si soda ya mikate. Hizo ni mbili tofauti. Huku kwetu maji ya bomba na ya ziwa yana joto kupita hapo. Maji yaliyolala ndani ya mutungi wa udongo yanasaidia, na yakibaki na joto, dakika zinapunguzwa. Harufu yake ni mbaya, lakini foto inatoka.

Dawa ya pili, ile ya kuzuia foto isiharibike, haitoki jikoni, lazima inunuliwe. Ikiisha kutumiwa, ina fedha ndani yake na ni sumu kwa viumbe vya maji. Haifai kuimwaga ziwani ao ndani ya Lukuga, fasi ambazo watu wanatoa ndakala na maji ya kupikia. Inawekwa ndani ya bidoni iliyofungwa, mbali na watoto.

Kuhusu aparei, zile za zamani zinazofanya kazi bila umeme, kama Zenit ao Pentax K1000, zinafaa sana kwa fasi ambapo courant inakatika kila siku. Mtu akiikuta ya babu, afungue nyuma (isiyo na pelikile), aangalie kioo kwenye mwangaza. Nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni ukungu, na zikiwa nyingi foto zitakuwa na maziwa. Kisha ageuze mapesi ya mlango na kusikiliza: mwendo wa sekunde moja na wa sehemu ya 500 haiwezi kutoa sauti moja.

Kama aparei haina kipimo cha mwangaza, kuna kanuni ya zamani: jua likiwa kali na pelikile ni ya 100, weka tundu kwenye 16 na mwendo kwenye 125. Lakini kanuni hiyo haikufikiria uso mweusi uliosimama na ziwa linalong'aa nyuma yake. Kwa miaka mingi, kadi ambazo labo za rangi zilitumia kupima mashine zao zilionyesha mwanamke mzungu, na watu weusi walitoka gizani kwenye foto. Kwa hiyo tundu lifunguliwe hatua moja ao mbili zaidi, ama mtu ageuzwe uso uelekee mwangaza. Asubuhi na jioni ni bora kuliko saa sita.

Jambo la mwisho kwa mwenye aparei: bandari, uwanja wa ndege, madaraja na kambi za askari si fasi za kupiga bila ruhusa. Kwenye telefone mtu anaweza kufuta foto moja. Kwenye aparei ya pelikile, mlango ukifunguliwa kwa nguvu, zote 36 zinakufa pamoja.

Maji, joto na ukungu

Ile gelatini iliyotajwa juu ni chakula kwa ukungu, na ikilowa inavimba na kunata. Ndiyo sababu masika yetu ni adui ya albamu. Kisha kuko ziwa lenyewe. Mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2024, maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia ndani ya nyumba za watu kando ya ziwa na kando ya Lukuga. Watu walihesabu magodoro, unga na mabati. Foto hazikuandikwa kwenye orodha yoyote ya misaada.

Foto zilizolowa hazijafa papo hapo. Kinachoziua ni kuziacha zikauke zikiwa zimeshikana. Kama zingali na maji, zilazwe ndani ya beseni la maji safi na baridi, zitenganishwe polepole humo ndani bila kuvuta kwa nguvu, bila kugusa upande wenye picha. Kisha zilazwe kivulini, picha ikiangalia juu, juu ya kitambaa safi. Negatifu zinatundikwa kwa vibanio vya nguo, fasi isiyo na vumbi. Jua kali hapana, pasi hapana. Foto iliyo ndani ya fremu itolewe kwenye kioo ingali imelowa, sababu ikikauka inabaki kwenye kioo. Yote haya ni kazi ya siku mbili za kwanza. Baada ya hapo ukungu unaanza.

Kwa zile ambazo bado ni kavu, kanuni ni chache. Negatifu zikae ndani ya bahasha za karatasi, si sachet ya plastiki inayofunga unyevu. Sanduku lisikae chini kwenye sementi wala kuegemea ukuta unaolowa. Liwekwe juu, ndani ya chumba chenye hewa. Vile vifuko vidogo vyenye chembe za kukausha, vinavyokuwa ndani ya maboksi ya viatu vipya, vinafaa kuwekwa humo. Majina yaandikwe nyuma ya foto kwa kalamu ya risasi, polepole, sababu wino wa bic unapenya na kuchafua upande wa pili.

Kutoa foto kwenye negatifu kwa telefone

Hapa telefone inageuka rafiki. Telefone ya kwanza inafunguliwa kwenye ukurasa mweupe, mwangaza wote. Juu yake kinawekwa kipande cha kioo kilichoinuliwa kama sentimeta mbili, ili vidoti vya skrini visionekane. Negatifu, iliyopanguswa vumbi kwa brashi laini, inalazwa juu ya kioo. Taa za chumba zinazimwa. Telefone ya pili inapiga kutoka juu, ikiwa imelala sawa na negatifu. Kisha kwenye programu ya kurekebisha foto, rangi zinageuzwa: nyeusi inakuwa nyeupe, na bibi anatokea akiwa msichana.

Foto hiyo inatosha kwa WhatsApp na kwa karatasi ndogo. Negatifu yenyewe isitupwe baada ya hapo. Telefone itaibiwa ao itaanguka majini, na wakati huo ile plastiki ya kahawia ndiyo itabaki kuwa ya kwanza.

Wapiga foto wazee wa mji nao wana maboksi yenye negatifu za wateja wa miaka mingi. Foto hizo ni za watu. Mbele ya kuzitangaza, familia iulizwe, sababu ndani ya jimbo lililopita vita foto ya mtu akiwa na watu fulani, siku fulani, inaweza kumletea shida leo. Lakini kuuliza si sababu ya kuziacha zioze.

Kiangazi kikifika, hewa ikikauka, siku moja ya mapumziko inatosha kwa familia kufungua sanduku mezani. Kijana aje na telefone na kalamu ya risasi. Mzee aje na macho yake, hata kama ni hafifu, sababu ni yeye peke yake anayejua kwamba yule wa tatu kutoka kushoto, mwenye suruali ya patalo, alifanya kazi kwenye reli, aliitwa nani, na alizikwa wapi. Negatifu inaweza kungoja miaka mingine kumi ikiwa mahali pakavu. Mzee hawezi kuahidi hivyo.